Onésime Kalenga, Fundi wa Gari Isiyolala mu Kona

Padri wetu, wakubwa wa kartié, mutaa huu wetu, Papa na Mama wote mulioacha sufuria ku moto mukaja kulia pamoja na sisi, ninyi wa reli, ninyi wa bandari, ninyi wavuvi, na ninyi mulioshuka kutoka Manono na Ankoro na vumbi ingali mu nywele, familia ya Kalenga inaomba mukae, asiye na kiti akae ku mukeka, asiye na mukeka asogee karibu, sababu maisha ya muntu huyu hayawezi kusikiwa kutoka mbali. Yaya yake, kaka mukubwa Emile, mutoto wa kwanza wa baba yao, huyu aliyesimama mbele yenu, njo ametumwa kuyasema. Emile hakukaa sana ku banki ya mbao ya masomo, lakini maisha ya mudogo wake aliyaona na macho yake mbili, na muntu aliyeona haombi kitabu kimukumbushe.

Onésime Kalenga alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 1942, hapa hapa Kalemie, wakati muji ungali unaitwa Albertville, mu kartié ya Lubuye, mutoto wa pili wa Papa Déogratias Kalenga, muntu wa Ankoro aliyekuja kubeba mizigo ku bandari, na wa Mama Hélène, binti wa wavuvi wa hapa ku ziwa. Alizaliwa mukubwa hata mukunga aliita jirani amusaidie kumushika, walimupima kilo sita, wengine wanasema saba, na siku ile meli ilikuwa inapiga honi mu bandari, lakini watu wa Lubuye walisikia mutoto, meli hawakuisikia. Alibatizwa Paska ya mwaka ule ule, jina Onésime, jina yenye serikali ilikuja kutukataza kuandika mu makaratasi sababu si jina ya mababu, lakini mama yake hakumuita jina lingine, na leo, mbele ya Mungu anayejua kusoma kuliko biro zote za serikali, tunamuita vile alivyobatizwa.

Masomo alianza mwaka 1949 kwa mapadri, na alikuwa na kichwa, hesabu alikuwa anajibu mbele mwalimu hajamaliza kuuliza, lakini alifika mwaka wa ine tu, sababu mu mwezi wa kumi mwaka 1953 Papa Déogratias alikufa. Hapa tunaomba mutusikilize polepole. Papa Déogratias alikuwa muntu wa kubeba magunia mbili mara moja, moja huku moja huku, na kupanda nazo ngazi ya meli akipiga mluzi, kisha mwaka ule akaanza kunywa maji, anamaliza mutungi, anaomba mwingine, na mwili ukaanza kuyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa mu beseni, mpaka kaptula ikawa inafungwa na kamba. Siku ya kumuzika, ndugu zake wa Ankoro walikaa chini wakaulizana, kisha wakasema bibi yake njo aliyemukula kwa uchawi. Mama Hélène hakupewa hata nafasi ya kumaliza kulia, alitolewa mu nyumba, akarudishwa kwa ndugu zake ku kijiji cha wavuvi, watoto wakabakishwa upande wa baba. Emile alikuwa na miaka kumi na ine, Onésime kumi na moja, na Onésime alimukimbilia mama yake mpaka ku daraja ya Lukuga, pale wakubwa wakamurudisha. Mama Hélène alikufa mwaka 1957, na toka siku ile ya daraja hakulala tena chini ya paa moja na watoto wake. Hatuyasemi haya leo ili kufukua makaburi, tunayasema sababu bila hayo hakuna atakayeelewa vile Onésime alivyokufa.

Kazi aliianza mwaka ule wa 1957, mu atelie ya reli, kwanza kufagia, kisha kuchochea moto, kisha wakamutia kwa wale wanaotengeneza springi za mabehewa. Pale njo alijifunza chuma. Kuna chuma inayopindwa na kubaki imepindika, na kuna chuma inayopindwa na kurudi pahali pake, na Onésime alikuwa anakwambia hii ni ipi kwa kuigonga tu na kidole, akifunga macho. Wakubwa wa reli waliita mainjinieri watatu kutoka Lubumbashi waje kuona maajabu hayo, ama labda walikuwa wawili, lakini walikuja, na walirudi wakishika vichwa. Mwaka 1967 alitoka reli akaingia mu garaje ya Mugriki mumoja, Musyu Yorgo, aliyekuwa na malori ya kubeba samaki, akayatengeneza malori yale miaka saba, na mwaka 1974 Wagriki walipoenda kwao, Musyu Yorgo akamuachia garaje, akamuonyesha nyuma ya depo yake ya samaki gari moja Alfa nyekundu, milango mbili, fupi, chini kama mbwa aliyelala, motere imekufa, kuku wanataga juu ya viti. Akamwambia, chukua, kuku wakikubali.

Ndoa aliifunga tarehe 16 mwezi wa saba mwaka 1966, mu kanisa hii mutakayopita mbele yake leo, na Pélagie Mujinga, binti wa Manono, mushonaji wa nguo. Namna walivyojuana kila muntu wa Lubuye anaijua, Onésime alimuletea suruali iliyoliwa na asidi ya batri, matundu kama kayungiyo ka kuchungia unga, Pélagie akaiinua mbele ya wateja wote akamuuliza kama yeye suruali anaivaa ama anaikaanga. Onésime alirudi kesho yake na suruali nzima, akaipasua mwenyewe mbele ya mulango ili apate sababu ya kuingia. Mungu aliwapa watoto watatu, Viviane mwaka 1968, Eugène mwaka 1971 na Julie mwaka 1976, na mwaka 1970 Pélagie aliita mudogo wake Florent kutoka Manono, aje kufanya kazi na shemeji yake. Florent na Onésime walifanya kazi miaka kumi na sita, mumoja juu mumoja chini ya gari, wakisemezana kwa kugonga bati, hawakugombana hata siku moja, isipokuwa juu ya mambo ya mupira.

Sasa tuingie mu habari ya gari, na wale wanaosema kwenye kilio hatusemi magari watusamehe, sababu kusema Onésime bila Alfa ni kusema padri bila misa. Ile gari aliifufua mwaka 1977, na mwaka uliofuata akaingia nayo mu mbio ya sikukuu ya chama ya tarehe 20 mwezi wa tano, ile ya kutoka ku stasion ya reli, kupita daraja ya Lukuga, kugeuka ku uwanja wa ndege na kurudi. Alishindwa. Bonaventure, muchuruzi, muntu wa biashara wa Manono tunayemujua wote, alimupita na gari yake ya 504 ku kona ya daraja, akamungojea stasion akiwa ameisha kunywa chupa yake, akasema mbele ya muji mzima gari ya Onésime ni nzuri sana kwa kulala, muntu alete tu muto. Na alisema kweli, sababu Alfa ikiingia mu kona ilikuwa inalala upande, kama mama aliyebeba ndoo ya maji na mukono mumoja, mupira wa ndani unaacha barabara, dereva anabaki kuomba watakatifu.

Dawa ya ugonjwa ule ni chuma moja ndefu, ya mviringo, inayolala chini ya gari toka mupira wa kushoto mpaka wa kuume, imefungwa huku na huku na kamukono kadogo, upande mumoja ukitaka kulala, chuma inajinyonga na kuurudisha. Alfa ilikuja na zake kutoka ku kiwanda, nyembamba kama kidole, za kupeleka bibi kanisani. Onésime akatuma Omer, baharia wa meli ya Kigoma, na mwaka 1980 Omer akashuka bandarini na mbili nene, moja ya mbele, moja ya nyuma, zilizotengenezwa Ulaya na watu wengine, sio wa kiwanda ile, kwa ajili ya wale wanaoshindana, na kila mwisho wa chuma kuna matundu tatu. Ukifunga ku tundu la mwisho, chuma inakuwa pole, ukifunga ku tundu la ndani, inakuwa kali. Onésime, mukiwa munamujua, munajua alichagua lipi. Alifunga ile ya nyuma ku tundu la ndani kabisa, akaenda kuijaribu, na ku kona ya daraja mukia wa gari ukataka kutangulia kichwa, Alfa ikazunguka kama muchezaji wa ngoma, ikaenda kusimama katikati ya mihogo ya jirani yetu Mama Bertille iliyoanikwa ku jua. Mama Bertille alimungoja ashuke, akamutazama vile alivyokuwa mweupe mwili mzima, akamwambia, "Onésime, kama njaa ya ugali, ungeomba sahani."

Pale akajifunza. Nyuma alilegeza mpaka tundu la mwisho, mbele akafunga ku tundu la katikati, na juu ya hiyo akaweka sheriya yake mwenyewe, yenye hakuna garaje ingine toka hapa mpaka Kinshasa iliishika. Alikuwa anasema gari haipimwi tupu, sababu gari tupu haiendi pahali, gari inapimwa na muntu wake ndani. Kila mwezi waliweka Alfa juu ya sakafu ya sima ya depo ya samaki, mahali palipo sawa, Onésime anakaa ku kiti chake cha dereva, upande wa kushoto, mikono ku usukani, hatikisiki, kama muntu anayepigwa picha ya kitambulisho, na Florent analala chini, anazungusha kale kamukono ka chuma, anakaongeza ama kukapunguza, mpaka bulo, ile skrubu ya kukafunga, iingie mu tundu na vidole tu. Bulo ikiomba nyundo, maana yake chuma imeisha kujinyonga mbele ya safari, na gari itakata vizuri kona ya kushoto, ya kuume itakutupa mu Lukuga. Ikiingia na vidole, Florent anagonga bati mara moja, Onésime anashuka, wanakula. Na toka mwaka 1981 mpaka 1985 hakuna aliyeonekana mbele yao tarehe 20, Alfa ilikuwa inapita daraja imenyooka kama meza, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya paa, na Bonaventure akawa anafika stasion wakati Onésime ameisha kunawa uso.

Ugonjwa ulianza mwezi wa kumi mwaka 1985. Tunasema ulianza, sababu sasa tunajua, wakati ule hakuna aliyejua. Siku ile Florent alikuwa chini ya gari, akazungusha, akasukuma, bulo ikakataa. Akamwambia shemeji yake bulo haiingii, Onésime akajibu kutoka juu chuma imechoka, tangu 1980 inanyongwa, hata muntu angechoka. Wakapunguza kale kamukono, bulo ikaingia. Mwezi wa kumi na mbili ikakataa tena. Mukumbuke hawa walikuwa mafundi wa kweli, hawakucheza, walitoa chuma wakaiviringisha juu ya sima kuona kama imepindika, haikupindika, wakabadilisha springi za mbele, wakasema labda sima ya depo njo imeshuka, wakapima sima nzima na maji mu sahani, pembe kwa pembe, sikukuu ya Noeli ilipita wakiwa wamepiga magoti na sahani. Sima ilikuwa sawa. Chuma ilikuwa sawa. Upande wa kushoto wa gari ulikuwa unapanda juu, kila mwezi kidogo, na hao wawili walitazama kila kitu kilicho ndani ya ile gari isipokuwa muntu aliyekaa ku kiti.

Na mu nyumba, wakati ule ule, Pélagie alikuwa ku mashini yake anapunguza suruali za bwana yake. Alianza na ya kanisani, akaja ya kazi, akamaliza zote akarudia ya kwanza. Alimwambia aende lopitali, Onésime akasema ni joto ya garaje, ni mbio inakaribia, fundi mwembamba anaingia vizuri chini ya gari. Mutungi wa maji ulikuwa unajazwa asubuhi, saa sita ni tupu. Sasa muntu atauliza, Pélagie anaona suruali, Florent anaona bulo, dada na mudogo wake, wanakula ku sahani moja, kwa nini hawakusemezana. Ninyi wenye kuuliza hamukuzaliwa kwetu. Kwetu muke hasemi mwili wa bwana yake mbele ya ndugu yake mwanaume, hata akiwa mudogo wake aliyemubeba mugongoni, ni haya, ni kama kumuvua bwana yake nguo barabarani. Na Florent, angeanzaje kumwambia dada yake garaje ya bwana yake inashindwa kupanga gari yake yenyewe. Kila mumoja alifunga kinywa kwa heshima. Walimuheshimu Onésime mpaka ugonjwa ukapita katikati yao wawili bila kuguswa.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1986, siku moja Onésime amekaa ku kiti, anasikia ufunguo wa Florent unazunguka chini ya matako yake, unazunguka, unazunguka, akatazama mikono yake ku usukani. Haya aliyasema mwenyewe ku lopitali, hatuyatungi. Alitazama saa yake, ikashuka mpaka karibu ya kiwiko. Akaona mikono ya baba yake. Akajua si chuma iliyochoka.

Muntu mwingine angekimbia kwa munganga wa lopitali. Onésime hakuogopa kufa, huyu alipita mu vita ya 1964 akiendesha lori ya reli bila vioo, hakuogopa. Aliogopa kilio. Alijua siku muji utakaposema Onésime anayeyuka kama baba yake, habari itafika Ankoro mbele ya gari yoyote, na watu watakuja, na watakaa chini, na wataulizana, na watamutazama Pélagie. Basi akaenda atelie ya reli kwa wale aliofanya nao kazi, akaomba kipande cha reli, akakifunga mu gunia, akakifungia chini ya kiti chake na waya. Akaanza kuvaa shati mbili na triko ya baridi juu, mu joto hii ya Kalemie. Siku ya kupima, Florent alisukuma bulo, ikaingia na vidole. Florent, kwa furaha, akatoka chini ya gari na mugongo mzima wa vumbi, akasema, "Shemeji, chuma imepona." Onésime akamujibu, "Umeona."

Tarehe 20 mwezi wa tano, siku ya pili ya juma, muji wote ulikuwa pande mbili za barabara, wengine juu ya mabehewa. Alfa ilitoka ku stasion ikilia, ikapita daraja bila kuinama hata unywele, ikarudi kutoka uwanja wa ndege Bonaventure akiwa nyuma yake mu vumbi asiione hata rangi, na huko Kigoma, ng'ambo ya ziwa, tuliambiwa kuna waliosikia motere. Alishinda. Gari ikasimama, watu wakaizunguka wakiimba, na Onésime hashuki. Wakafikiri anajivuna, wakaimba zaidi. Bonaventure alifika, akashuka mu 504 yake akija na maneno yake ya kuchokoza tayari mu kinywa, akafungua mulango wa Alfa, akamutia mikono chini ya makwapa ili amutoe kwa mchezo, vile wanaume wanavyofanya. Akamuinua. Ule wimbo ulikatika, sababu wote waliona uso wa Bonaventure ulivyogeuka. Alisema pole pole, "Njooni. Huyu muntu hana kilo." Alimubeba mu mikono yake kama mutoto anayelala, akamulaza ku kiti cha nyuma cha 504, akampeleka lopitali, na toka siku ile mpaka jana Bonaventure amekuwa analala ku baraza yetu. Yuko pale nyuma. Mumuache alie.

Florent alibaki kusukuma Alfa mpaka depo, na kiti kilipotikisika akaona gunia. Alilitoa, akalibeba ku bega mpaka mu kiwanja cha lopitali, akaliweka chini mbele ya miguu ya dada yake, na pale njo mara ya kwanza dada na ndugu walisema mwili wa Onésime. Florent alimwambia, "Dada, hii njo ilikuwa inakaa pahali pake." Pélagie alilishika gunia, akataka kuliinua, halikuinuka. Akasema, "Na mimi nilikuwa napunguza suruali." Kisha wakakaa juu ya majani, gunia katikati yao.

Munganga alipima damu na mukojo, akasema ni sukari. Alituita sisi wa familia, akaeleza bila haraka, akasema ugonjwa huu muntu hapewi na bibi yake, haupikwi mu chakula, unatembea mu damu, mara nyingi unatoka kwa baba unaenda kwa mutoto, na dalili zake ni kiu, mukojo mwingi na kukonda. Emile alimuuliza kama muntu aliyekufa mwaka 1953 akinywa mutungi mzima anaweza kuwa alikufa na hiyo, munganga akasema inafanana sana. Emile, huyu anayesema mbele yenu, mwenye miaka arobaini na saba, aliyepigana na mamba mu Lukuga na mamba ikakimbia, alitoka inje, akashika ukuta wa lopitali. Miaka makumi tatu na tatu Mama Hélène amebeba jina ile ya muke aliyekula bwana yake, mpaka ndani ya kaburi.

Walianza kumupiga sindano za dawa ya sukari, na mwezi wa sita aliinuka, Mungu ashukuriwe, alikaa ku baraza na Julie mu magoti yake, akala, akamucheka Florent kwa kutopiga magoti tena na sahani. Lakini sindano zile zilikuwa zinakuja na ndege kutoka Lubumbashi, ndege ikija zinakuja, ndege isipokuja tunatazama mbinguni, na mu mwezi wa saba ndege ilikawia, na kidonda kidogo cha kiatu ku muguu wa kuume kikapanda. Bonaventure alituma watu Manono, Omer akavuka ziwa kutafuta ng'ambo, Omer alirudi na chupa mbili za dawa, alipofika muguu ulikuwa umekuwa mweusi mpaka ku goti. Juma ya mwisho Onésime alimuita yaya yake, mbele ya munganga, mbele ya Padri ambaye yuko hapa na anaweza kukana kama tunasema uongo, akamushika shati akamwambia, "Yaya, mama yetu hatukuweza kumutetea, tulikuwa watoto. Leo wewe ni mukubwa."

Onésime Kalenga alikufa jumamosi tarehe 9 mwezi wa nane mwaka 1986, saa tatu ya asubuhi, ku lopitali ya hapa Kalemie, mukono wake mu mukono wa Pélagie, akiwa na miaka makumi ine na ine. Anaacha bibi mumoja, watoto watatu, ndugu mumoja ambaye moyo wake umepasuka kama puto, na muji mzima ambao hautapata fundi mwingine kama yeye, hata wakimutafuta mpaka mwisho wa reli.

Sasa ninyi wa kwetu, ndugu wa Ankoro, muliofika jana. Tuliwasikia. Nyuma ya jikoni maneno hayafichwi, tuna masikio. Tulisikia mukiuliza nani aliyempikia, tulisikia mukiuliza ufunguo wa nyumba uko wapi. Uko mu fundo ya kitenge cha Pélagie, toka jumamosi ameushika hapo, hajakula, hajainua macho, anangoja mumuhukumu. Munganga amekaa pale mwenye shati ya bluu, mumuulize yeye. Gunia la reli liko chini ya sanduku, anayetaka kujua Onésime alikuwa anamupenda namna gani huyu muke, aje aliinue. Na kama kuna mwenye neno juu yake, alisimamie sasa, mbele ya marehemu, mbele ya Padri, lakini aanze na Emile, sababu ku mulango wa ile nyumba atamukuta yeye, na Emile hajawahi kuanguka toka azaliwe.

Familia inashukuru waganga na wauguzi waliosimama hata dawa ilipokosekana, inashukuru Omer aliyevuka maji mabaya, inashukuru wafanyakazi wa reli waliotengeneza musalaba wa chuma bila kuombwa, Mama Bertille na wamama wa Lubuye waliopika toka jumamosi bila kuhesabu mihogo, majirani waliotoa viti na mikeka, Padri kwa sala zake, na Bonaventure, ambaye aliingia mu habari hii kama adui wa gari na anatoka kama ndugu.

Neno la mwisho ni hili. Tukirudi kutoka makaburi, hakuna muntu, hata awe mukubwa namna gani, atakayetia muguu mu nyumba ya Onésime mbele ya bibi yake. Pélagie atatangulia, atafungua na ufunguo wake mwenyewe, na sisi wote, ndugu wa baba, tutasimama inje tupige hodi, mpaka yeye aseme karibu.

Onésime, mutoto wa Mama Hélène, mudogo wetu, ulivyotuma tumesema. Pumzika kwa amani.